Koti la Kitinda

Kila mwaka, miezi miwili kabla ya sikukuu, Fundi alinunua jora zima la kitambaa na kuwashonea watu wa kwao wote nguo za sare. Hakuna aliyemwomba. Alianza mwaka ule baba yao alipofariki, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye cherehani ya kuazima, na mdogo wao wa mwisho akiwa bado anatambaa. Mtaani watu hawakuhangaika na jina la ukoo wao. Waliwaita "wale wa sare." Siku ya picha, mama akiwekwa katikati na wengine wakimzunguka, ungedhani ni kwaya iliyosahau nyimbo.

Mwaka huu kitambaa kilikuwa cha buluu iliyoiva, na Fundi alikikata akiwa ameketi. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali, akakaa kwenye kiti cha nne kutoka mlangoni, akachomwa sindano mbili nene kwenye mkono wa kushoto, na mashine ikamtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Siku ya kwanza alimtania muuguzi kwamba miaka thelathini amechoma nguo za watu, sasa zamu yake imefika. Muuguzi alicheka. Fundi hakuurudia utani huo. Maji aliruhusiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi vikiwemo, akayagawa kwa kikombe kidogo cha plastiki, vikombe vitano basi. Kiu hiyo huwezi kumweleza mtu. Ukijaribu unapoteza mate, na mate yenyewe huna.

Daktari alisema kilichobaki ni kupata figo ya mtu, na bora iwe ya ndugu wa damu. Mama alikuwa amekula chumvi nyingi mno. Mdogo wake Fundi anayemfuata, ambaye kila mtu alimwita Dereva kwa sababu ya lori lake, alikwenda kupimwa akitamba, akakutwa na presha ya kutisha, akarudi nyumbani na vidonge vyake mwenyewe. Akabaki Kitinda, yaani kitindamimba, yule aliyekuwa anatambaa. Vipimo vyake vilikubali vyote. Upasuaji ukapangwa siku ya tatu baada ya sikukuu.

Tuseme ukweli kuhusu jinsi kijana huyu alivyokubali. Alikubali sebuleni kwa mama yake, ndugu wote wakiwa wamemkodolea macho, mama akiwa ameshamshika mikono yote miwili na kuilowesha kwa machozi. Ni nani angesema hapana pale? Alisema, "Nitatoa." Mama akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna posa.

Tangu siku hiyo Kitinda hakuosha hata kikombe. Mama alimkaangia mayai kila asubuhi. "Kula, mwanangu. Usije ukampa dada yako figo yenye njaa." Dereva akampiga marufuku kupanda pikipiki. "Wewe sasa ni spea ya watu," alimwambia. "Ukianguka umetuangusha wote." Walicheka, na Kitinda akacheka baada yao, peke yake, kwa muda mfupi. Walikuwa wanampenda, hilo halina ubishi. Lakini hata ng'ombe akiona anapewa majani mazuri kuliko wenzake, hujiuliza. Fundi aliyaona yote haya na hakusema kitu. Alitaka figo ile. Alikuwa anaitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika maisha yake, na hakuona aibu mpaka baadaye.

Wiki tatu kabla ya sikukuu Kitinda alikuja dukani kupimwa. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha moja, cherehani mbili, moja imefunikwa shuka kwa kukosa wa kuikanyaga, na kamba ya nguo za wateja iliyolegea katikati. Fundi alifungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wa Kitinda. Ukurasa huo ulianza na kaptura ya mtoto wa miaka miwili.

Akapima mabega, akapima kifua. Alipozungusha futi kiunoni, mgongo wa mkono wake ukagusa ubavu wa kijana, pale chini ya mbavu. Kitinda akashtuka. Kidogo tu, kama mtu aliyeguswa na chuma cha baridi. Fundi akaandika namba, kisha akajifanya ameisahau, akapima tena na kugusa palepale. Akashtuka tena. Hakuwahi kuwa mtu wa kutekenyeka huyu. Miaka thelathini amepimwa na mkono huohuo.

"Dada," akasema.

"Mm."

"Kuna jambo nataka tuzungumze."

Katika duka lile kulikuwa na sheria moja: fundi akiwa na pini mdomoni haongeleshwi. Kitinda aliijua tangu utotoni, kwa kofi. Alikuwa na miaka sita alipomrukia dada yake kwa mbio kumweleza habari za shule, nusura ammezeshe pini, na tangu siku hiyo alipoona pini midomoni alisimama kimya akisubiri ziishe.

Fundi hakuwa na pini mdomoni. Alizichomoa kwenye kifua cha gauni lake, sita, akazipanga midomoni moja baada ya nyingine, taratibu, kisha akamwonyesha kwa kidevu ainue mkono. Kitinda akainua mkono. Fundi akakibandika kitambaa mwilini mwake, pini moja, pini ya pili, akichelewa kila mahali. Alijua kijana anataka kumwambia nini. Alijua pia kwamba kikishasemwa hakirudi, na yeye atabaki na kiti cha nne kutoka mlangoni mpaka siku watakapomkalisha mtu mwingine hapo. Aliogopa kufa. Basi. Hakuna neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Pini zilipokwisha, kijana alikuwa ameshabadilisha mazungumzo.

"Baada ya shati, nishonee na koti. Zito kidogo."

"Koti, na joto hili?"

"Wodini kuna baridi, dada. Si unajua viyoyozi vyao."

Fundi alisikia moyo wake ukitulia. Mtu anayeagiza koti la wodini anakwenda wodini.

"Na uniwekee mfuko wa ndani," Kitinda akaongeza. "Wenye zipu."

"Wa kuweka nini?"

"Simu." Akaonyesha upana na urefu kwa vidole, na Fundi akaviwekea futi, akaandika.

Alilishona koti hilo kabla ya nguo ya mtu mwingine yeyote, akalitia bitana nzuri aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya gauni lake mwenyewe. Alipofika kwenye mfuko akaisoma namba aliyoiandika. Mifuko ya simu ameishona tangu simu zilipoanza kuingia mtaani. Huwa mirefu na myembamba. Huu ulikuwa mfupi na mpana. Ulikuwa na kipimo cha mifuko ambayo huwashonea watu wanaokuja na tarehe ya safari, wanaotaka pasipoti ikae karibu na moyo. Fundi alikaa na mguu juu ya kanyagio, bila kukanyaga. Mtu anayepima kwa vidole anaweza kukosea, akajiambia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikishonea na zipu, akapitisha uzi mara mbili ili usiachie.

Sikukuu ikafika. Nyumba ya mama ilijaa buluu kuanzia mlangoni mpaka jikoni, watoto wa Dereva wakikimbizana na chupa za soda, sufuria zikifunuliwa na kufunikwa. Fundi aliwekwa kwenye kiti chenye mto, jambo lililomuudhi. Sahani yake ilikuwa na wali mweupe na kipande cha nyama cha ukubwa wa kiberiti, na pembeni kikombe chake. Kila aliyepita alimwambia amenawiri. Amenawiri wapi? Alikuwa amevimba.

Mama alikata nyama na kuweka paja zima kwenye sahani ya Kitinda. Dereva akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Mimi si msemaji," alianza, na akasema kwa robo saa. Alimaliza hivi: "Mwaka ujao, kwenye picha, tutakuwa hesabu hiihii. Hakuna atakayepungua. Na wa kushukuriwa ni huyu."

Walipiga makofi. Mama akamtaka Kitinda aseme neno. Kijana akasimama, koti amelivaa katika joto lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mimi sina la kusema," alisema. "Dada ndiye aliyenilea."

Akakaa. Wakapiga makofi tena, wengine wakifuta macho. Fundi alimtazama mikono. Ilikuwa imeshika ukingo wa meza kama ya mtu aliye juu ya ngazi mbovu. Na yeye alikuwa na neno tayari. Alikuwa amelitayarisha siku nyingi, akiwa amelala na mkono wake unavuma chini ya ngozi, pale walipomuunganisha mishipa kwa ajili ya sindano za mashine. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mwacheni. Angelisema, kijana angepumua, wangekaa chini kama ndugu na kulizungumza, na labda, nani ajuaye, angekubali kwa hiari yake. Au angekataa. Fundi akainua kikombe chake cha tatu, akanywa.

Wakatoka nje kwa picha. Jirani akapewa simu ya Kitinda awapige, kwa kuwa ndiyo yenye kamera nzuri. "Bwana harusi huyo, na koti lake," jirani akatania. "Msogelee dada yako." Kitinda akaja, akamkumbatia dada yake begani, kwa nguvu kuliko kawaida. Kupitia kitambaa Fundi alihisi kitu kigumu ndani ya mfuko alioushona, kitu bapa chenye ukubwa wa kijitabu. Simu ilikuwa mikononi mwa jirani.

Kwenye picha hiyo, aliyowatumia usiku uleule, wote wanatabasamu, na anayecheka zaidi ni Fundi.

Asubuhi iliyofuata Kitinda alisema anakwenda kununua mkate. Mpaka saa sita alikuwa hajarudi, na mayai yake yalikuwa yamepoa mezani chini ya sahani. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Dereva, si ya Fundi. *Nimepata kazi mbali, nimesafiri. Msinitafute. Mwambieni dada anisamehe.*

Dereva aliusoma kwa sauti, kisha akausoma tena kimoyomoyo kana kwamba mara ya pili ungekuwa na maneno mengine. "Asante ya punda," alisema, na hakuweza kumalizia. Mama alikaa sakafuni kama alivyo.

"Nimemlisha," alisema. "Nimemlisha kwa mkono wangu huu." Kisha akawatazama wanawe. "Hivi kweli hakuna kati yenu aliyeona dalili yoyote? Hata moja?"

Dereva akatikisa kichwa. Fundi naye akatikisa kichwa.

Siku ya tatu, ile ya upasuaji, ilikuwa pia siku ya mashine. Fundi alikwenda mwenyewe. Muuguzi alikuwa ameshika mafaili mawili yaliyofungwa pamoja kwa mpira.

"Mdogo wako yuko wapi? Wanawasubiri juu."

"Amesafiri."

Muuguzi alimtazama, akatazama mafaili. Akautoa mpira, akaliweka moja kando. "Kaa," alisema kwa upole. "Geuza mkono."

Miezi miwili ilipita. Nyumbani kwa mama jina la Kitinda halikutajwa, na picha ya sikukuu haikutundikwa. Dereva aliapa kwamba siku wakikutana atamfundisha adabu. Jioni moja Fundi alikuwa dukani, anapinda sketi za shule, mdomoni ana pini nne, simu ikaita kwa namba ndefu ya ajabu. Aliitazama ikiita. Ilikatika, ikaita tena. Akazitoa pini, akazichoma kifuani moja moja, akapokea.

"Dada."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine kubwa na mtu akifoka kwa lugha ya kigeni.

"Dada, siku ile dukani nilitaka kukwambia."

"Najua."

Kelele za mashine zikapungua, kama mtu aliyesogea pembeni.

"Ulijua?"

"Nilijua. Hata mfuko nilijua si wa simu."

Alimsikia akilia, kilio kilekile cha mtoto aliyepigwa kofi kwa ajili ya pini. Angeweza kumlaani pale, na haki ingekuwa yake nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyomfunga mdomo.

"Huko kuna baridi?" aliuliza.

"Kuna baridi sana."

"Koti linakutosha?"

"Linanitosha, dada."

"Haya."

Akakata simu. Sketi ilikuwa bado chini ya sindano, nusu imepindwa. Akachungulia kikombe chake pembeni ya cherehani: kilikuwa kitupu, na cha mwisho cha siku hiyo alikuwa ameshakinywa saa kumi.