Kumtafutia Mzee Makao

Baba alimvunja mama mkono asubuhi, katikati ya miraa. Mama alikuwa amepitia shambani kumkatia ng'ombe majani. Baba, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumla akili, aliona mtu ameinama kwenye miti yake, akainua rungu na kupiga kelele: "Mwizi!" Kwetu Muthara neno hilo halirudiwi mara mbili. Mwizi wa miraa hana ndugu. Majirani walitoka mbio na mawe, na jiwe la kwanza lilirushwa na kaka yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko ua mmoja na ya wazazi. Lilimpata mama mgongoni. Kilichomwokoa ni kitambaa chake cha kichwa; mtu mmoja alikitambua, akawazuia wengine.

Hospitalini kaka alilia sana. Sikumhurumia hata kidogo.

Tulipokaa kuzungumza, nilisema baba atafutiwe makao ya wazee. Kaka akapiga meza ngumi. "Mzee wa huku Tigania afie kwa watu? Ni ugonjwa unachapa, si yeye!" Nilimrushia kikombe cha chai. Kilipasukia ukutani, na mpaka leo nasikitika kwamba kilimkosa. Mama alikuwa jikoni, mkono mmoja kwenye plasta, akituchemshia chai nyingine.

Nilianza kutafuta Kaaga, ninakofundisha. Makao ya huko yalikuwa safi, lakini geti lilielekea barabarani na hata mtoto angelifungua. Baba angetoka akavunje watu wasiomjua. Mwalimu mwenzangu akaniambia kuna mahali upande wa Embu, juu ya Manyatta, karibu na msitu wa mlima. Nikaenda. Baridi ilikuwa kali, majani ya chai pande zote, wazee wameketi juani na blanketi magotini. Nilipapenda kabla sijaingia ndani.

Msimamizi, mama wa makamo, alinipa uji kisha akaniuliza, "Mzee anachapa watu?"

"Anachapa."

"Alianza akigonjeka, ama hata kabla?"

Ningeweza kumdanganya, lakini nilikuwa nimechoka na hasira zangu. "Mimi nilizaliwa nikapata anachapa."

Akanitazama. "Huyo siwezi chukua. Niko na wacucu hapa, nyanya za watu. Lakini mwalimu, si mama ndiye anachapwa? Mbona unatafutia mzee?"

Sisi watoto, na kusoma kwetu kote, tulikuwa tumemwona mama kama jiko: kitu cha nyumba, hakihami. Nililia mbele ya yule mama bila aibu.

Nilirudi Muthara nikamweleza mama kuhusu makao yale, kwamba aende yeye. Hakuuliza kuhusu chakula wala kitanda. Aliuliza kama mlango unafungwa kwa ndani. Nilipomwambia unafungwa, alianza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja.

Siku ya kuondoka, kaka alisimama getini na panga. "Hakuna bibi ya mtu atatoka hapa!"

Niliokota jiwe, na wallahi ningelirusha. Mama akanipita, akaenda mpaka mbele ya panga, akanyoosha mkono wake usio na plasta. "Kata, kijana yangu. Huu bado ni mzima."

Panga likashuka. Baba alikuwa ameketi mlangoni akifoka kwamba uji umechelewa.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nimeenda kumwona mama, tunaota jua, simu ikalia. Ni kaka, akihema. Baba amempasua kichwa na sasa anamtafuta uani na rungu. Moyoni nilifurahi, nisiseme uongo. Mama akaomba simu.

"Ingia jikoni ufunge na ndani," alimwambia, bila hasira yoyote. "Usiongee. Ungoje tu achoke. Mimi nilikuwa nangojea huko, na wewe uko mgongoni."