Mwiko wa Malkia

Hebu mfikirie anavyoingia: mwanamke mnene kidogo, mtandio begani, chupa ya maji ya tangawizi kwapani, anapita mlango wa nyuma wa ukumbi wa sinema huku watu wameshaanza kupiga miluzi. Jina lake wamelisahau. Wanamwita Kasuku, kwa kuwa filamu za humo husemwa kwa lugha za mbali, na yeye ndiye anayekaa kwenye kigoda kando ya pazia, kipaza sauti mkononi, akiwasemea wote: wazee, askari, hata farasi akionekana ana la kusema. Lugha zenyewe hazijui, ila usimwambie mtu.

Mchana huo ilikuwa filamu wanayoipenda kupita zote. Malkia dhalimu anatoza kodi hata vivuli vya watu. Binti wa mhunzi anajifunza kupigana mpaka anaruka juu ya mapaa, halafu anakuja kumng'oa kitini. Wameiona mara nyingi mno. Hawafuati mapanga. Wanamfuata malkia wa Kasuku, ambaye akishika fimbo yake ya dhahabu huuliza kwa sauti kavu ya puani nani kagusa mwiko wake. Na ukumbi mzima hujibu.

Sauti ile ni ya mama mkwe wake, neno kwa neno. Tangu aolewe katika nyumba ya bibi yule, kila mwiko unapokosekana kwenye msumari wake, swali hilo hutoka jikoni likiwa moto kuliko uji. Kasuku angejibu nini? Alinyamaza nyumbani, akaja kusemea ukumbini.

Sasa taa zilipozimwa akatupa jicho mstari wa mbele. Mama mkwe huyo hapo, mkoba mapajani, kaja kujionea kazi inayomchelewesha mkamwana wake.

Ndiyo kwanza yeye na bibi walikuwa wameanza kucheka pamoja nyumbani, na paa wanalolala chini yake ni la bibi huyo. Basi malkia alipotokea, Kasuku akampa sauti ya asali. Kwenye pazia watu wanatupwa kutoka ukutani, malkia anawauliza wameamkaje, na kama wamekula.

Watu wakaguna. Fundi viatu akataka kujua kama malkia leo ana homa. Mwingine akasema huyu kapinduliwa kabla ya wakati, warudishiwe malkia wao. Wakaanza kugonga mabenchi: mwiko, mwiko. Mwenye ukumbi naye akachungulia, uso kaukunja.

Liwalo na liwe. Kasuku akafumba macho.

"Nani kagusa mwiko wangu?"

"Si mimi, mama," ukumbi ukaitika, na mabenchi yakatetemeka kwa vicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikaa wima mpaka binti wa mhunzi alipopiga teke la mwisho na fimbo ya dhahabu ikabingirika ngazini.

Njiani Kasuku alikuwa akipanga kichwani nguo za kufungasha kwanza. Walipofika jikoni bibi akavua viatu, akakaa.

"Mwanangu, sauti ile umeitoa wapi?"

Kasuku akasema ilimjia tu.

"Haiwezi kukujia tu. Yule ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Ni yeye mtupu. Alinitesa na mwiko huohuo, mwanamke yule." Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikampasuka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la gauni. "Nimefurahi walivyompiga teke."

Kasuku akacheka naye, akashusha pumzi kama aliyetua ndoo kichwani. Asubuhi yake akausahau mwiko kwenye sufuria. Bibi akauona, akauosha, akautundika msumarini, asiulize kitu.

Sasa niambie wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, maana Kasuku hakuwahi hata kumwona huyo mama wa zamani: bibi yule kweli hakuitambua sauti yake mwenyewe mle ukumbini, au aliitambua, akaona afadhali mzigo aubebe marehemu?