Matete ya Nyamizi

Nyamizi ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu Shija, na kabla hujamhurumia ujue kwamba ana mdomo. Wangu ni mkubwa zaidi, hilo njia nzima ya Lalago wanalijua, ila wangu unachekesha na wake unauma. Shule niliishia darasa la nne; la tano mwalimu aliniogopa.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori na kulipa papo hapo, watu walipagawa. Wakalima pamba mpaka ukingoni mwa kijito chetu cha Itongo. Wakang'oa matete, wakaangusha mikuyu. Ukiuliza, jibu ni moja: ruksa. Mvua ikaja ikaporomosha kingo, kijito kikajaa mchanga, visima vikafukiwa. Kikabaki kimoja, kwenye ukingo ambao Shija alimwachia mkewe. Hicho nacho kikizibika, wanawake wa kijiji kizima wangefuata maji mwendo wa kutwa. Wanaume tulilijua hilo, tukaendelea kupalilia pamba.

Nyamizi akaacha pamba pale. Akapanda matete upya. Jumapili baada ya kanisa alikusanya wanawake na watoto, akawapandisha na kijito hadi chanzoni, wakitazama ndege na kuonyeshana miti inayoshika udongo. Tulimcheka sana. Mtu mzima anatembea, haendi msibani wala mnadani, anatembea tu!

Tatizo likawa ng'ombe. Msukuma hawezi kuheshimu matete, lakini majani ya ng'ombe anayaheshimu kuliko mama mkwe wake. Kwa hiyo Nyamizi akatangaza kwamba ukingo wake ni ngitili. Kwetu ngitili ni malisho yanayofungwa masika. Hayaguswi na kwato mpaka kiangazi kikolee, ndipo yafunguliwe kwa ndama na maksai waliodhoofu wa mwenye eneo. Watu wakatii. Nikaanza kutangaza vilabuni kwamba wazo lile nilimpa mimi.

Hakuna kati yetu, hata mimi mwenye akili, aliyekumbuka kwamba ngitili hufungwa ili iliwe.

Mwezi wa tisa Mahona, mwenyekiti wa kijiji, akaifungua bila kumuuliza mwenyewe. Tena hakuwafungulia ndama. Aliwafungulia ng'ombe wa Kasmiri, mchuuzi aliyewanunua mnadani na kuwaweka kwetu wasubiri lori la kwenda mjini. Ng'ombe wanene, hawajawahi kuvuta jembe. Walitafuna matete mpaka mizizini, wakaukanyaga ukingo ukaangukia kisimani.

Nilimkuta shemeji kasimama kwenye tope, na Mahona juu ukingoni, mkavu.

"Mayu, mama yangu, ngitili si huliwa?" Mahona alimwambia. "Uliiita hivyo mwenyewe."

"Huliwa na ndama wangu. Hawa nimewazaa mimi?"

Mahona akasema siku hizi ni soko huria, hata majani yako huru. Kasmiri alikuwa anachokonoa meno. Ningempiga, isipokuwa alikuwa mrefu.

Shauri likapelekwa dagashida, baraza letu la jadi. Mjane husemewa na shemeji yake, basi nikasimama mimi. Nilisema vizuri ajabu. Niliwaigiza ng'ombe wa Kasmiri wakitafuna, wazee wakashika mbavu, Mahona naye akacheka.

"Shemeji, kaa chini," Nyamizi alisema nyuma yangu. "Unawachekesha walioninyima maji."

Nikakaa. Akaeleza mwenyewe, kwa ufupi, na hakuna aliyecheka tena. Wazee wakaamua Mahona amtolee fahali. Kwa mila yetu fahali huchinjwa nyumbani kwa mdai, wazee na majirani hula, ugomvi huisha. Akachinjwa bomani kwa Nyamizi. Tukala. Mahona alijikatia ini, akalamba vidole, akanikonyeza. Hapo ndipo damu iliponipanda kweli: kisima kimefukiwa, na mfukiaji ndiye anayeshiba! Nyamizi hakugusa hata mchuzi.

Mifupa ilipobaki myeupe, akasimama.

"Fahali huyu alikuwa wangu. Mmekula nyama yangu bomani kwangu, na kwetu anayekula nyama ya mwenye shamba huenda shamba. Asubuhi, Itongo, na majembe."

Kwetu hata mchawi hali chakula cha kazi akabaki nyumbani. Mahona akajitutumua, akasema ile ilikuwa faini, si chakula cha kazi.

"Faini yako ungeila mwenyewe?" Nyamizi akamuuliza. "Umewahi kuona wapi?"

Wazee wakatazama vidole vyao vyenye mafuta. Hakuna aliyemtetea.

Asubuhi walikuja, wamenuna kama watoto walionyimwa maziwa. Wanawake wakapanda matete, wanaume tukazoa tope. Jua lilishapanda Mahona alipotokea na jembe lake begani.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu.

Usukumani hata adui huitikiwa salamu. Nyamizi hakuitikia. Akamwonyesha katikati ya kisima, penye tope la kufika kiunoni.

"Chimba."

Mwenyekiti akavua viatu, akashuka.