Unga Mweupe wa Kampuni

Mahindi ya kwetu Rongai hayakuwahi kuliwa na wadudu. Majirani walifungua magunia wakakuta maganda matupu, sisi tunakula mavuno ya mwaka juzi yakiwa mazima. Baba alifanya kazi katika kampuni iliyochimba udongo mweupe kilimani na kuusaga ukawa laini kama poda ya mtoto. Kila Krismasi wafanyakazi walipewa gunia la unga huo wapeleke nyumbani, maana ukichanganywa na mahindi, wadudu hufa. Tuliringa nalo gunia hilo, wacha mchezo!

Mama ndiye aliyeuchanganya, kwa mikono, ndani ya stoo yenye kidirisha kimoja. Siku ya kwenda kusaga aliyapepeta mahindi humo humo ili unga ule wa kampuni utoke. Alitoka na nyusi nyeupe, nasi watoto tukimcheka na kumwita shosho, bibi kizee. Baba alikuwa na barakoa ya mpira aliyopewa kazini. Akifika nyumbani aliitundika kwenye msumari, mlangoni pa stoo ile ile. Mama aliipita akiingia, akaipita akitoka.

Kampuni ilifunga. Wakubwa wake wakahama nyumba zao za Milimani, wakatuachia shimo. Baba aliagwa kwa saa ya ukutani. Saa bado inatembea, na baba mwenyewe anapanda mlima bila kuhema. Mama hawezi kuvuka ua.

Juzi daktari wa Nakuru aliitazama picha ya kifua cha mama, akauliza, "Mathe, ulifanya mgodini miaka mingapi?"

"Mimi? Sikufanya huko. Aliyefanya ni huyu mzee."

Daktari akamgeukia baba na maswali ya vumbi. Baba alijibu la kwanza, kisha akageuka kuitazama mikono ya mama. Nilimwona akielewa. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na kampuni niliilaani kimoyomoyo, ingawa hakuna tena wa kulaaniwa. Mapafu ya mama hayatapona, tuliambiwa. Tukarudi nyumbani na mtungi wa oksijeni.

Baba hakuketi. Alikwenda moja kwa moja stoo, akarudi na barakoa yake, mpira umekauka na kupasuka. Akaifuta kwa shati, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumvalisha mama juu ya bomba la oksijeni.

Mama akamshika mkono.

"Mzee," akasema, akitafuta pumzi, "sasa ukinifunga hiyo, nitapumua aje?"