Mama Kiputo

Tangu mwalimu aondoke, maabara ya seli imekuwa kimya, na kimya hicho hakimsumbui mtu. Wanafunzi wanaingia, wanawasha hadubini, wanachora, wanaondoka. Hakuna anayepita kati ya meza akiwauliza kwa upole wa kuudhi, "Umechora nini hapa, mwanangu? Hewa?"

Swali hilo ndilo lililompa mwalimu jina la Mama Kiputo. Kila mwaka mwanafunzi mpya anaweka ngozi ya kitunguu kwenye slaidi, anabwaga kile kioo chembamba cha kufunikia, hewa inanaswa chini yake. Anaona duara safi lenye ukingo mweusi, anadhani ndiyo seli. Anakichora kiputo kwa bidii zote, na kiini anakibuni mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu aliwacheka hao, kisha akawafundisha kushusha kioo taratibu, upande mmoja kwanza.

Fundi wa maabara peke yake ndiye aliyejua kwamba macho ya mwalimu yameanza kumtupa mkono. Kwa mihula miwili alipita kila hadubini kabla yake, akamnong'oneza kilichomo: "Meza ya tatu wamemwaga iodini kama mchuzi." Naye akaitikia, "Haya." Hawakulizungumza zaidi. Ilibaki miaka mitatu astaafu, na asiyeona hafundishi hadubini.

Jumatano moja fundi alikwenda stoo kutafuta balbu. Aliporudi, mwalimu alikuwa ameinamia hadubini ya binti wa mwaka wa kwanza.

"Nzuri sana," alisema. "Ukuta wa seli umejitokeza. Chora hivyo hivyo."

Binti akachungulia tena. "Mwalimu, mbona hiki ni kiputo?"

Jirani yake akachekea puani. "Leo Mama Kiputo kanaswa mwenyewe."

Fundi akasogea haraka. "Nimeigonga meza mimi, slaidi imehama," alisema, ingawa wote walikuwa wamemwona ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Acha, fundi." Mwalimu hakupandisha sauti. Akamgeukia binti. "Uko sahihi. Futa."

Baada ya kipindi fundi alimkuta ofisini akiandika barua kwa herufi kubwa kubwa, pua nusura iguse karatasi.

"Tungeweza kuendelea, Mwalimu. Mimi nisitoke tu chumbani."

"Tungeweza." Kalamu haikusimama. "Lakini yule mtoto alishashika penseli. Angeniamini mimi, aache kuyaamini macho yake."

Fundi alingoja huzuni, nayo haikuja. Akarudi kuosha slaidi, zote arobaini, akazipanga zikauke. Kisha akaipeleka barua kwa mkuu wa idara, maana ngazi zilikuwa zikimpa mwalimu taabu.

Sasa mwalimu anaishi kwa mdogo wake wa kike, katika chumba cha chini kilicho karibu na lango, na kila Alhamisi anapelekwa kliniki ya macho.