Mikono Miwili ya Kushoto

Katika kiwanda kile cha mashati hapakuwa na fundi aliyeshona shati zima. Mmoja alikata, mwingine alishona mifuko, mwingine matundu ya vifungo, na Bi Kola, kama jina lake linavyosema, alishona kola. Kola tu, miaka kumi na tisa. Wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumwona yeye: alisifiwa, na kola zake hazikuwahi kulegea. Kilicholegea ni ulimi. "Kola ndiyo uso wa shati," alizoea kusema. "Hayo mengine kiwiliwili tu."

Mwaka huu akaamua kujitegemea, na alijiandaa hasa. Alipata chumba chenye dirisha linalotazama barabara, akakipaka chokaa mwenyewe, akapima kwa hatua mahali pa meza ya kukatia ili mlango usigonge kona yake. Cherehani akaiweka penye mwanga. Kwa miezi minne aliandika daftarini kila kitakachohitajika, mpaka pini. Ijumaa akaaga kazini, na kiti chake kikapata mtu siku hiyohiyo. Jumatatu angefungua. Kilichobaki ni shati moja la kutundika mlangoni, wapita njia walione.

Jumamosi asubuhi akalishona, akamvalisha mumewe.

"Mbona unasimama upande?"

"Sisimami upande, mke wangu. Shati ndilo linanivuta. Mkono huu umenikamata kama askari."

Bi Kola akamvua, akailaza mikono ya shati mezani, ubavu kwa ubavu. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Alicheka kwanza. Akafumua, akakata mwingine, nao ukavimba begani. Akafumua tena. Mara ya tatu hakucheka. Aliketi sakafuni katikati ya vipande, akaliona jambo ambalo daftari lake halikuwa nalo: hakujua kushona shati. Aliogopa, tena sana. Kazi ameshaacha, na mtaa mzima unajua Jumatatu anafungua.

Aliyejua mikono ni mmoja, Mzee Mikono, aliyeishona kiwandani, waliyekaa naye benchi moja miaka yote hiyo. Jumapili asubuhi akalitia shati kwenye mfuko, akaenda kwake.

Alimkuta barazani akimenya viazi. Mzee akalipokea shati, akaligeuza ndani nje, akakuna kidevu. Hakucheka, na Bi Kola alitamani acheke.

"Ingia, dada. Cherehani iko ndani."

Ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka, imetiwa mafuta. Nyuma yake kimeegemezwa kibao: FUNDI MASHATI. Rangi ilishaanza kubanduka.

"Kaka, hiki cha nani?"

"Changu. Mwaka wa saba huu."

"Na hukufungua?"

"Mikono naijua. Mifuko na vifungo nikajifunza kwa wenzetu. Kola ikanishinda."

"Si ungeniuliza? Mimi nimekaa hapo hapo pembeni yako!"

Mzee alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Nilikuuliza. Ukasema kola haifundishwi, mtu anazaliwa nayo. Benchi zima likacheka."

Bi Kola hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko shati lenyewe: mwenzake ameficha kibao miaka saba kwa ajili ya mzaha, na mwenye mzaha hana hata habari nao. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, kaka."

"Kuuliza si ujinga. Sogea uone." Akakunja kitambaa, sura kwa sura, upande wa nje ukabaki ndani, akakata mikono miwili kwa pamoja. "Ukikunja hivi, mmoja lazima utoke wa kulia. Halafu mkato wa begani, hapa mbele uchimbe zaidi kuliko nyuma, maana mtu anafanya kazi mikono ikiwa mbele. Haya, shona wewe."

Akashona, akakosea, akafumua, akashona. Kufika adhuhuri shati lilikuwa limetulia mabegani kama limezaliwa pale. Mzee akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akamkabidhi.

"Haya, nenda kafungue. Mungu akubariki."

Bi Kola aliliweka kando. Alichukua mkasi, akakata vipande viwili vyembamba vya kitambaa, akainuka na kumsogezea mzee kiti alichokuwa amekalia.

"Sasa kaa wewe, kaka. Siondoki hapa mpaka hii kola umeijua."