Nilitema Pombe ya Wakwe

Ulimi wangu ndio ulivunja ndoa ya mtoto wa kaka yangu. Hakuna mtu alinisukuma. Nakwambia wewe, maana nyumbani hakuna anayetaka kunisikia.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Kikima. Mwikali, binti ya kaka, alikuwa amepata mchumba wa upande wa Mwingi, kijana mpole wa kuuza mbuzi. Siku ya mahari wakwe walikuja na mbuzi, na kibuyu kikubwa cha kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Mama ya kijana ndiye aliyeitengeneza.

Kabla mazungumzo yaanze, lazima upande wa msichana uonje. Ikikataliwa, kila kitu kinasimama. Kaka alikuwa ameokoka, hagusi pombe kabisa. Akaniita kando.

"Ndugu yangu, hapa kwetu hakuna anayejua pombe kuliko wewe. Leo ulimi wako ndio wangu."

Aki aliniamini!

Nikamiminiwa. Ilikuwa nyeusi kama kahawa, povu lake rangi ya udongo. Nikanusa, nikapata moshi na asali ya porini. Nikaonja. Uchungu ulikuja kwanza, uchungu wa mizizi, ukakamata ulimi pande zote. Halafu utamu ukafuata polepole, ukakaa kooni. Woi! Nimekunywa Emali, nimekunywa Machakos, sijawahi kukutana na kitu kama hicho.

Lakini moyo wangu ulikuwa na kidonda. Binti yangu, mkubwa kwa Mwikali, alikuwa bado nyumbani na hakuna mtu alikuwa amebisha hodi. Nikatazama wale mbuzi wanono. Nikamtazama kaka anavyotabasamu. Wivu ukanipanda mpaka kichwani.

Nikatema. Chini, mbele ya wazee wote!

"Hii imeungua na imeharibika! Huko kwenu mnakunywa hii, ama mmetuletea ya kuoshea ngozi?"

Mama ya kijana akainuka kutoka kwa wanawake.

"Baba, onja tena, tafadhali. Huo uchungu ni wa mizizi tunayoweka sisi. Haijaharibika."

"Mimi nifundishwe pombe na mwanamke?"

Kaka akanitazama machoni. "Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Basi akaikataa. Wazee wa Mwingi wakasema wametukanwa, wakafungua mbuzi wao, wakaenda bila kuonja hata chakula. Kibuyu walikiacha. Kaka akaniambia nikamwage.

Sikumwaga. Nilikibeba hadi nyuma ya ghala la mahindi, nikakaa chini, nikanywa. Aibu gani hiyo! Nilikuwa nimefika katikati Mwikali akanitokea, macho yamevimba kwa kulia.

"Baba mdogo, si ulisema imeharibika?"

Povu lilikuwa kwa ndevu.

Alimwita baba yake. Kaka hakupiga kelele. Alichungulia ndani ya kibuyu, akasema tu, "Umenifanya nitukane mama ya watu."

Alisafiri mwenyewe mpaka Mwingi kuomba msamaha. Walimpokea vizuri, wakampa chakula. Lakini yule mama alimwambia hawezi kupeleka mtoto wake kwa boma ambako alitemewa mate. Kijana akaoa kwingine. Mwikali akaishia kuwa mke wa pili wa mzee mmoja wa Emali, na sijawahi kusikia mtu akisema ana furaha.

Na unafikiri binti yangu alipata bwana? Nani angeleta pombe kwangu! Habari ilikuwa imeenda soko lote. Siku moja aliniambia, "Baba, mlango ulioufunga ulikuwa wangu pia." Akabeba nguo zake akaenda.

Kaka aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tukikutana njiani alinisalimia kama unavyosalimia mgeni. Amekufa hivyo. Kwa mazishi, Mwikali aliwaambia watoto wake wasalimie watu. Walipofika kwangu akawavuta mkono, wakapita bila kunisalimia.

Wewe unayesoma, ukiombwa uamue kazi ya mtu na moyo wako una kinyongo, kataa! Sema, "Leo mimi siwezi, tafuteni mwingine." Hakuna atakayekucheka. Kama ningesema hayo tu, kaka angekufa tukiwa bado tunaongea kama ndugu.